Mwili Ulionyamaza

Alikuwa amekwisha kumaliza sahani, na mchuzi wa mwisho ameukomba kwa kijiko, ndipo dada yake alipomwambia alichokula.

"Humo mlikuwa na nyanya nne," dada alisema, mwiko ungali mkononi. "Nimezisaga pamoja na karoti ili usizitambue. Nikatia na siki kidogo. Na hiyo nyama ni ya juzi, nimeipasha moto tu. Umekula vyote, mdogo wangu. Sasa tutazame saa."

Saa ya ukutani ilikuwa saa saba na dakika kumi. Alipoinua macho kumtafuta mumewe, ili angalau mtu mmoja pale mezani ashtuke pamoja naye, alimkuta mumewe anaitazama saa ile ile kwa utulivu, kama msimamizi wa mtihani. Mumewe alikuwa mwalimu wa hesabu, na kila mtu, pamoja na mkewe, alimwita Mwalimu. Hakuuliza nyanya gani wala siki ipi. Hapo ndipo mke alipofahamu kwamba njama ile ilikuwa ya watu wawili.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na yeye nguo alizijua. Yeye na dada yake walikuwa na karakana ya kushona sare za shule. Dada akisimamia mafundi na wateja, yeye akikata. Aliweza kupanga tabaka ishirini za kitambaa, akachora kwa chaki mara moja, akapitisha mkasi bila kipande kimoja kutofautiana na kingine. Mkono wake haukuwa na wasiwasi hata kidogo. Wasiwasi uliingia miaka miwili nyuma, siku mwili wake ulipoanza kumgeuka.

Kwanza ilikuwa ngozi kuwasha na uso kuiva kama mtu aliyetoka jikoni. Kisha tumbo, kisha moyo kwenda mbio akiwa ameketi tu. Leo harufu ya sabuni inamwangusha, kesho anaifulia nguo za nyumba nzima na hakuna kitu. Alizunguka hospitali akapewa majina yote: vidonda vya tumbo, msongo wa mawazo, umri. Daktari mmoja alimwandikia mapumziko, mwingine akamwandikia maombi. Na kila mara, hadi foleni imalizike na damu ichukuliwe, shambulio lilikuwa limekwisha kupita, na majibu yakirudi ni safi, safi kabisa, kiasi kwamba alianza kuona aibu kuyapokea.

Aliyemwamini wakati huo alikuwa dada yake. Mwalimu alikuwa akisema tusubiri tuone, dada hakusubiri. Ndiye aliyemshika mkono wakapanda ngazi za zahanati ya daktari wa mzio, mwanamke kijana mwenye sauti ya chini, aliyewachorea nyuma ya bahasha. Chini ya ngozi, alisema, na tumboni, na kifuani, kila mtu ana seli za ulinzi ambazo kazi yake ni kupiga kelele adui akiingia. Zako zinapiga kelele hata mgeni mwema akibisha hodi. Zikipiga kelele zinamwaga kemikali, na kemikali hizo ndizo zinazokuwasha, zinazokukaba koo na kukushusha presha. Ugonjwa huu hauondoki, ila hulelewa. Akampa vidonge vya asubuhi na vya jioni, sindano ya dharura ya kutembea nayo, na daftari la kuandika kila kinachomchokoza. Kuhusu damu alikuwa mkweli: ninakutibu kwa dalili zako na kwa jinsi dawa zitakavyokupa nafuu, alisema, maana damu bado haijasema, na haitasema mpaka tuichukue shambulio likiwa bado bichi.

Na nafuu ilikuja. Dada alibadilisha karakana nzima kwa ajili yake. Kitambaa kipya hufika kimejaa dawa za kiwandani, za kuzuia mikunjo na za kushika rangi. Basi ikawa sheria kwamba kila jora lilowekwe, lisuuzwe na kuanikwa kabla halijafika meza ya kukatia. Mafundi walinung'unika, kwani kazi ya siku moja ilikuwa siku tatu, na wakambandika jina: Yai. Mpelekee Yai chaki. Tahadhari, Yai anapita. Yeye alicheka nao, kwa sababu jina halikumdhuru, na kwa sababu dada alikuwa akiwatazama kwa jicho lile ambalo kila mwajiriwa analijua. Chakula cha mchana dada alimpikia mwenyewe, kipya cha siku ile ile, na kutoka mkono ule alikula bila kuuliza.

Sasa alikuwa amekaa mezani akijikagua. Alitazama viganja. Akameza mate kupima koo. Akaweka vidole viwili shingoni kusikiliza mapigo. Wenzake wawili nao walimtazama.

Saa nane. Saa nane na nusu. Hakuna kitu.

Ni vigumu kumweleza mtu mwenye afya jambo lililompitia wakati ule. Kwa mara ya kwanza tangu augue, aliuomba mwili wake umwangushe. Aliomba upele mmoja tu, hata ukubwa wa punje, upande wowote utakaoonekana. Mwili uliokuwa ukimpigia kelele kwa maua na jasho ulikuwa umekaa kimya, umeshiba, umetulia kama mtu asiyehusika.

Saa tisa dada alianza kulia kwa furaha. Alizunguka meza akamkumbatia kwa nyuma, shavu juu ya kichwa chake, akamwambia amepona. Kwamba pengine hakuwahi hata kuumwa, ni hofu tu ndiyo iliyokuwa ikimuuma, na hofu dawa yake ni kuoneshwa kuwa haina meno. Alisema amekuwa akimtazama mdogo wake akipungua mwaka hadi mwaka, akikataa harusi, akikataa misiba, akinusa maji kabla ya kuyanywa, na ameshindwa kuvumilia. Chaguo la vyakula wamelitoa kwenye daftari lenyewe. Aliyelileta daftari ni Mwalimu.

"Jaribio moja tu," Mwalimu alisema. "Ungejua mapema, hofu ingeharibu majibu."

"Na kama ningekufa?"

"Sindano ilikuwepo mfukoni mwangu," akajibu, na akaitoa kweli, akaiweka mezani kando ya sahani. Uso wake ulionyesha kwamba alijiona mtu mwangalifu.

Alijaribu kuwaeleza. Daktari alisema ni haba na haba hujaza kibaba, aliwakumbusha: joto linatia haba yake, uchovu yake, harufu, hasira, kiporo. Siku kibaba kikiwa kitupu unaweza ukala usichopaswa na lisitokee lolote. Siku kimejaa, hata upepo unatosha kukimwaga. Leo ni Jumapili, amelala vizuri, kuna baridi, vidonge amemeza. Alizungumza haraka na sauti ikapanda. Maneno yale yale aliyoyaamini zahanati, pale mezani yalisikika kama utetezi wa mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Aliyasikia mwenyewe. Akasukuma sahani pembeni.

Usaliti una tabia moja mbaya kuliko maumivu yake: humwachia aliyesalitiwa kazi ya kujiuliza kama hakustahili. Jumatatu asubuhi alisimama mbele ya kabati la dawa, chupa mkononi, akawaza: iwapo watu wawili wanaonipenda kuliko wote wanaona ninaigiza, na mwili wangu mwenyewe umewapa ushahidi, mimi ninashikilia nini? Ladha ya nyanya ilikuwa bado ulimini. Jana alikuwa ameusikia uchachu ule akadhani ni ulimi wake uliosahau ladha. Akarudisha chupa kabatini bila kuifungua.

Karakanani habari zilikuwa zimemtangulia. Dada hakuweza kuficha furaha, na mafundi walimpokea kwa vigelegele: Yai limeanguliwa! Fundi mmoja alimwomba aonyeshe mabawa. Alicheka. Jumanne hakumeza vidonge, wala Jumatano. Alikula machungwa mawili aliyopewa na jirani wa mashine. Alijisikia mzima, mzima wa kutisha, na kila saa iliyopita salama ilimuuma kidogo, kwani ilimaanisha kwamba miaka miwili ya maisha yake ilikuwa uongo alioutunga bila kujua.

Alhamisi iliamka na joto. Jora la bluu kwa ajili ya shule mpya lilikuwa limefika jana yake, na mteja alikuwa akiharakisha. Msichana wa kufulia alianza kujaza karai maji.

"Leo msiloweke," alimwambia. "Lileteni hivyo hivyo."

Dada, aliyekuwa akihesabu vifungo, aliinua kichwa akatabasamu, na tabasamu lile alilipokea kama zawadi, Mungu amsamehe. Wakakitandaza kitambaa mezani, tabaka juu ya tabaka, na harufu yake ikapanda, kali na baridi, ya kuwasha pua. Upande wa pili pasi mbili za mvuke zilikuwa zinafanya kazi. Alichora. Akashika mkasi.

Alikuwa amefika mikono ya shati la tatu viganja vilipoanza kuwasha. Aliendelea kukata. Joto likamwanza kifuani likapanda shingoni, masikio yakawaka, tumbo likajikunja ghafla hata akashika ukingo wa meza. Mkasi ulipotoka nje ya mstari wa chaki ndipo alipoamini, kwa maana mkono wake haukuwahi kutoka nje ya mstari. Alitaka kusema, sauti ikatoka ya kukwaruza, si yake.

Dada alifika wa kwanza. Alimketisha kwenye benchi, akampepea kwa karatasi za vipimo, akaanza kumtuliza kwa sauti ya upole aliyoitumia tangu wote wawili walipokuwa wadogo. Pumua, mdogo wangu. Ni hofu tu hiyo. Uliikabili Jumapili, ikabili na leo. Mafundi walisimama kwa mbali. Mmoja alisema maji, mwingine akasema mwacheni apumue.

Alivuta mkoba wake uliokuwa chini ya benchi. Vidole vilikuwa vimevimba, lakini aliipata sindano, akang'oa kifuniko. Na hapo mkono wa dada ukaja juu ya mkono wake, ukaushika.

"Usijichome," dada alisema. "Nakuomba. Jaribu kwanza bila hiyo."

Walitazamana. Haikuwa chuki, na laiti ingekuwa chuki pengine ingekuwa rahisi. Machoni mwa dada kulikuwa na mapenzi tu, mapenzi na uhakika, na mkono ulioshika wake ulikuwa ndio ule uliompikia kwa miaka miwili. Hewa ilikuwa ikipita kooni kwa tundu jembamba. Akafikiri, kwa utulivu uliomshangaza, kwamba akisubiri huyu aridhike, atamzika akiwa bado anamtuliza.

Hakubishana. Alimpiga dada kikumbo cha kifua kwa bega, kwa nguvu zote zilizobaki, na dada akaangukia rundo la vitambaa. Kisha akajikita sindano pajani, juu ya gauni, akahesabu hadi kumi. Alipofika saba karakana ilikuwa imeanza kusogea mbali, na alisikia mtu akisema, jamani midomo yake, tazameni midomo yake.

Hospitali haikuwa mbali, na safari hii hapakuwa na foleni, maana mtu anayebebwa na watu watatu haulizwi kadi. Walimwekea maji ya mshipani, wakamchoma tena. Alipoweza kutamka maneno mawili mfululizo, alimshika muuguzi mkono. Damu, alisema. Ichukueni sasa hivi, mwandike na saa. Muuguzi alitaka kumwambia apumzike kwanza. Akamtazama, akaenda kuleta chupa.

Majibu yalitoka wiki iliyofuata, naye siku hizo zote alikuwa amerudi kwenye vidonge vyake bila kumtangazia mtu. Daktari wa mzio aliwapokea wote watatu, kwani Mwalimu na dada waliomba kuja, na yeye hakuona sababu ya kuwakataza. Daktari aliweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu. Hii ya zamani, alisema, moja ya zile zilizoonekana safi. Inaonyesha damu yako ikiwa imetulia. Na hii ni ya Alhamisi. Namba ya zile kemikali katika karatasi ya pili ilikuwa mara tatu ya ile ya kwanza. Damu imesema, daktari alisema. Kisha akauliza kilichotokea, naye akasimuliwa yote tangu Jumapili, na waliposimulia nyanya nne kalamu yake ilisimama. Hakuwakaripia. Alisema tu kwamba dawa za Jumapili zilikuwa bado zinafanya kazi siku ile, na kwamba kuona mtu amevuka barabara akiwa amefumba macho si ushahidi kwamba magari hayapo.

Nje, kwenye ngazi, Mwalimu alikuwa na karatasi mkononi. Aliisoma akisimama, akaisoma tena akitembea, akampa dada, dada akaisoma, wakarudishiana kama watu waliopokea barua kutoka ng'ambo. Machozi yalikuwa yakimtoka Mwalimu na hakuyafuta.

"Ugonjwa upo," alisema. "Upo kweli. Tunakuamini."

Hasira iliyompanda haikuwa ile ya Jumapili. Ile ilimfanya apaze sauti. Hii ilimfanya aongee polepole.

"Mnaamini karatasi," alisema. "Mimi nilikuwa naongea miaka miwili."

Mwalimu aliikunja karatasi. Alikuwa mtu wa hesabu, na hapakuwa na hesabu ya kuifanya. Mke akateremka ngazi mbele yao, akishika ukuta, na wote wawili walitembea nyuma yake bila kuthubutu kumshika.

Nyumbani alilala hadi alasiri. Mwalimu alikuwa amemwekea daftari lake juu ya meza ndogo, limefungwa, na kalamu juu yake. Kisha akatoka akaenda kukaa uani. Yeye, kitandani, alisikia vyombo jikoni. Alijua mwendo ule wa vyombo, sufuria ipi inawekwa wapi. Akatamani, bila kutaka kutamani, siku za nyuma ambapo sauti ile ilimaanisha tu kwamba anakaribia kula.

Dada aliingia na bakuli. Alikuwa amejifunga kanga ya jikoni, macho mekundu. Akakaa ukingoni mwa kitanda, mbali kidogo, akalitua bakuli katikati yao. Ulikuwa uji wa mchele, mweupe, na mvuke ukitoka.

"Umeweka nini?"

Swali lilimtoka likiwa la kawaida kabisa, kama la kumuuliza mpita njia. Lakini dada alilisikia lilivyo, na mabega yake yakashuka.

"Mchele na maji," alisema. "Na chumvi."

"Mchele umeupika saa ngapi?"

"Sasa hivi. Umetoka motoni."

"Na nini kingine?"

"Hakuna kingine, wallahi."

Njaa alikuwa nayo. Aliutazama uji, akamtazama dada, na mkono wake ukabaki mapajani. Dada akangoja. Kisha akachukua kijiko, akakichovya, akala yeye kwanza. Akameza, akafunua mdomo kidogo, kama mtoto anayemwonyesha mama kwamba dawa ameimeza kweli. Ilikuwa ishara ya mapenzi na haikuthibitisha lolote, kwani dada angeweza kula nyanya mia akaenda zake kulala. Dada mwenyewe alilitambua hilo kijiko kikiwa bado kinywani. Alikitoa polepole, akakaa nacho, akiwa hajui pa kukiweka.

Huko uani Mwalimu alikohoa. Mvuke wa uji ulikuwa umeanza kupungua.

"Nieleze tena," mgonjwa alisema, akijiinua juu ya mto. "Anzia mwanzo."

Dada aliweka kijiko chini. Akaipangusa mikono kwa kanga, ingawa ilikuwa mikavu, akaanza:

"Kwanza niliosha sufuria."